Mizani ya Kendu Bay

Safari ilitufikisha Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, tukasali katika Msikiti Tawakal. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani ziliwaleta wafanyabiashara wa Kihindi hapa na Karungu, upande wa Migori. Waliuza nguo na chumvi, wakanunua ufuta na ngozi kwa Wajaluo. Mkulima hakuijua bei ya Mombasa. Aliuamini tu mkono ulioshika mizani. Maduka mengi ya kale yamefungwa. Adhana ingali ikisikika. Suratul-Mutaffifin inawaonya wapunjao vipimo. Basi, mama zetu mnaopima nafaka sokoni, nasi wanaume madukani, tuichunge mizani: duka litarithiwa na wengine, hesabu yake itabaki juu yetu.