Mbachao na Msala Upitao

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo ni rahisi kuitaja darasani na kuitolea maelezo katika karatasi ya mtihani, lakini uzito wake hujulikana siku mtu anapolazimika kuchagua. Mwezi wa Julai mwaka 2024, katika nyumba moja ya mtaa wa Kapsoya mjini Eldoret, binti wa miaka kumi na minane aliketi mezani akiwa na barua mbili mbele yake. Ya kwanza ilitoka katika chuo kikuu kimoja cha China, ikimwalika kusomea udaktari kwa miaka sita. Ya pili ilimpa nafasi ya kusomea uuguzi katika Chuo Kikuu cha Moi, safari ya matatu moja kutoka nyumbani. Kati ya barua hizo palikuwa na ekari mbili za shamba kule Moiben, zilizosimama mahindi yaliyofika kifuani mwa mtu, na mnunuzi aliyekuwa akingoja jibu kabla ya mwezi kwisha.

Udaktari haukumwingia binti huyu kwa sababu ya sifa wala mshahara. Alipokuwa kidato cha pili, nyanya yake, ambaye yeye humwita kogo, alilazwa hospitalini. Daktari aliyemhudumia alikuwa kijana kutoka Pwani, mpole na mwenye subira, lakini hakujua Kikalenjin. Naye kogo hakujua Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni. Binti akawa mkalimani kati yao. Kogo alisema kwamba moyo wake ulikuwa ukikimbia kama mtu aliyefukuzwa, kisha ukasimama kupumua. Binti alipoyatia maneno hayo katika Kiswahili, uso wa daktari ulibadilika, akauliza maswali matatu ya haraka na kuagiza vipimo. Siku hiyo binti alitambua kwamba ugonjwa huanza kutibiwa pale unapoelezwa ukaeleweka. Tangu hapo hakutaka kazi nyingine.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotangazwa Januari 2024, alikuwa amepata B+. Ni alama ya kujivunia, lakini nafasi za udaktari katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya kwa kawaida huchukuliwa na wenye alama za juu zaidi. Kwa hiyo alipangiwa uuguzi. Ndipo mjomba wake alipomleta wakala, na wakala akaileta barua ya China.

Hoja za mjomba hazikuwa dhaifu. Alikumbusha kwamba taifa la Kenya lenyewe lilijengwa na watu waliovuka bahari. Kuanzia mwaka 1959, Tom Mboya aliwasafirisha mamia ya vijana kwenda Marekani kusoma, naye Jaramogi Oginga Odinga akawafungulia wengine njia ya kwenda Urusi ya Kisovieti na nchi rafiki zake. Kabla ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanza kufundisha udaktari mwaka 1967, Mkenya aliyetaka kuwa daktari alilazimika kwenda Makerere au ng'ambo. "Hao wangebaki nyumbani kuchunga ng'ombe," mjomba alisema, "nani angewatibu wazee wetu?" Akaongeza kwamba kijijini kwao kulikuwa na kijana aliyesomea ughaibuni, akarudi, na sasa ni daktari anayeheshimika. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Baba alisikiliza bila kumkatiza. Alipojibu, hakutaja methali, alitaja miaka. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuka Wuhan, wanafunzi Wakenya walijikuta wamefungiwa katika mabweni ya mji huo huku wazazi wao wakihesabu siku. China ilipofunga mipaka Machi mwaka huo, wanafunzi wa kigeni waliokuwa nje ya nchi hiyo walikaa zaidi ya miaka miwili bila kurejea, wengi wao wakisoma kwa njia ya intaneti. Je, udaktari hujifunzwaje bila kumgusa mgonjwa? Februari 2022, vita vilipofika Ukraine, maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wamekwenda huko kwa sababu ya karo nafuu walikimbia kuelekea mipakani kwenye baridi kali, na baadhi yao wakabaguliwa kwa rangi ya ngozi yao walipojaribu kuvuka.

Mfano wake wa mwisho haukuhitaji kuvuka bahari. Mwaka 2023, wazazi na wanafunzi wa kaunti ya Uasin Gishu waliandamana katika barabara za Eldoret wakidai fedha zao za mpango wa masomo ya Finland na Canada. Haukuwa mpango wa udaktari, lakini funzo lilikuwa lile lile: wapo waliouza mashamba, ng'ombe na magari, halafu wakabaki bila mali na bila masomo. Suala hilo likachunguzwa na Seneti na kufika mahakamani. Katika mji ambao wenyewe ulizaliwa katika shamba nambari 64, hata ukaitwa Sisibo kwa sababu ya namba hiyo, mtu akisikia kwamba shamba linauzwa huuliza kwanza linauzwa kwa ajili ya nini.

Binti aliwasikiliza wote wawili, akatambua kwamba kila mmoja alikuwa akisema kweli. Mjomba alizungumzia waliofika, baba alizungumzia waliokwama. Mifano haikuweza kumwamulia. Basi akaamua kuyageuza mashaka yake kuwa maswali.

Swali la kwanza lilihusu kutambuliwa. Mkenya aliyesomea udaktari ng'ambo haanzi kazi mara tu anaposhuka katika uwanja wa ndege. Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno la Kenya hukagua shahada yake na alama zake, kisha humtahini kabla ya kumruhusu kuingia katika uanagenzi. Uanagenzi wenyewe ni kipindi cha kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi, na bila huo hapati leseni kamili. Isitoshe, mlango huo ulikuwa umezidi kuwa mwembamba. Kuanzia tarehe 14 Machi hadi tarehe 8 Mei mwaka 2024, madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 56, na mojawapo ya sababu kuu ilikuwa wanagenzi waliohitimu wakakosa kupangiwa vituo. Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa mwaka 2017 uliwapa 206,400. Ikiwa waliosomea nyumbani walikuwa wakingoja namna hiyo, atakayetoka mbali angejiunga na foleni ile ile.

Swali la pili lilihusu fedha. Ekari mbili zingelipia safari, karo ya mwaka wa kwanza na labda wa pili. Miaka minne iliyosalia ingetoka wapi? Katika karatasi ya wakala palikuwa na karo tu. Hapakuwa na chakula, bima, viza ya kila mwaka, wala nauli ya kurudi iwapo kogo angeaga dunia. Shamba huuzwa mara moja, lakini karo hudaiwa kila mwaka.

Swali la tatu ndilo lililomkosesha usingizi. Mihadhara, wakala alisema, ingetolewa kwa Kiingereza. Lakini mgonjwa wa China huugua kwa Kichina. Mwanafunzi asiyeimudu lugha hiyo barabara husimama kando ya kitanda, akasikiliza maelezo ya mgonjwa asiyaelewe, akangoja mwenzake amfupishie. Ni kweli kwamba lugha hujifunzwa, na wapo Wakenya waliojifunza Kichina au Kirusi wakahitimu kwa heshima. Hata hivyo, daktari hujenga sikio lake katika miaka ile ya wodini. Huko ndiko anakojua tofauti ya kichomi na kiungulia, ya kizunguzungu na kichefuchefu, ya mtu asemaye "naumwa" kwa sababu ya mwili na yule asemaye hivyo kwa sababu ya msiba. Binti alikumbuka maneno ya kogo kuhusu moyo uliokimbia ukasimama. Katika wodi ya mbali, ni nani angemfundisha kuyasikia maneno kama hayo?

Lipo jambo lingine ambalo wakazi wengi wa Eldoret huliona kila siku bila kulitafakari. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo, hupokea wanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo. Tangu miaka ya mwisho ya themanini, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vimeshirikiana, na kutokana na ushirikiano huo ulizaliwa mwaka 2001 mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi. Vijana wa Marekani huvuka bahari ili wajifunze katika wodi za Eldoret, na wanafunzi wa Moi nao hupata nafasi za kwenda Indiana kwa majuma kadhaa na kurudi. Kwa hiyo kusafiri si kosa, wala kubaki si woga. Tofauti ni kwamba hao husafiri wakiwa na mahali pa kurejea.

Jioni ya siku ya mwisho, binti alimpigia wakala simu mbele ya baba na mjomba. Aliuliza kama chuo hicho kinatambuliwa na Baraza. Wakala alijibu ndiyo, ila hakuwa na barua ya kuthibitisha. Aliuliza jumla ya gharama za miaka sita. Wakala alitaja kiasi, kisha akakibadilisha. Aliuliza angejifunzia katika hospitali gani, na angezungumza na wagonjwa kwa lugha gani.

"Hayo utayaona ukifika," wakala alisema.

Mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kutikisa kichwa.

Shamba halikuuzwa. Mahindi yalivunwa kama kawaida, na sehemu ya mapato ikalipa ada ya kuanzia masomo ya uuguzi. Barua ya China haikuchanwa; ilitiwa katika bahasha pamoja na vyeti, kwa kuwa aliyeiweka bado anautaka udaktari, na hajasema kwamba hatasafiri kamwe. Alilolikataa ni kuondoka bila majibu. Alipomweleza kogo uamuzi huo, bibi kizee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa Kikalenjin kama wauguzi nao huruhusiwa kumsikiliza mgonjwa.

"Wao ndio hukaa naye usiku kucha, kogo," binti alijibu.

"Basi anzia hapo," kogo alisema.