Zile Nyeupe Ndogo

Mama yangu ana presha, mwaka wa tisa sasa, na miaka hiyo yote ametibiwa na mtu mmoja. Sisi humwita Daktari tu. Kliniki yake iko hapa mtaani, kati ya kinyozi na duka la M-Pesa. Ukikuta foleni, unaketi kwenye benchi na kutazama ukuta: kalenda, picha ya mtoto aliyenona, na karatasi yenye herufi kubwa, HATUKOPESHI. Hakuna kingine ambacho kliniki hiyo imewahi kututangazia bila kuulizwa.

Sisemi Daktari ni mbaya. Anamjua Mama kuliko baadhi ya ndugu zake. Presha ikipanda, huuliza kwanza ni nani kati yetu amemuudhi. Shida ni kwamba hayo yote yako kichwani mwake, na kliniki hufungwa saa mbili usiku.

Aprili tulienda Kitale kwa matanga. Usiku wa Jumamosi kichwa kikaanza kumgonga Mama, kisha kizunguzungu. Tukamkimbiza hospitali. Daktari wa zamu, kijana wa rika langu, alimpima mara mbili.

"Mama, unatumia dawa gani ya presha?"

"Zile nyeupe ndogo, daktari. Na moja ya manjano, nusu, asubuhi."

"Zinaitwaje?"

Mama akafungua mkoba na kumpa kibahasha cha dawa. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu: 1x1. Basi. Nikapiga simu kliniki, imezimwa.

Vidonge vyeupe vidogo ni vingi mno duniani. Kumwongezea mgonjwa dawa ya presha bila kujua anayotumia ni kubahatisha, na presha ikishushwa ghafla mno, hiyo nayo ni hatari. Yule kijana akaamua kumlaza na kumchunga. Hatukulala hadi kukapambazuka.

Wanasheria watakuambia tuko sawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa. Ni vizuri. Lakini Mama hatembei na Katiba mkobani. Anatembea na kibahasha.

Kwa hivyo ninachotaka kutoka kwa kliniki ni vitu vidogo. Jina la dawa na kipimo chake, kwa maandishi yanayosomeka. Dalili za kunirudisha haraka. Bei kabla ya sindano, si baada. Kama SHA inakubaliwa hapo, nijue kabla ya kupanga foleni. Jina na cheo cha anayenitibu, maana mtaani kila mwenye koti jeupe ni daktari, ilhali wengi ni maafisa wa kliniki, ambao wana baraza lao la usajili. Hakuna aibu hapo, wanatutibu vizuri. Ni kujua tu. Faili yangu inasomwa na nani. Na mkifunga, niende wapi usiku.

Tuliporudi Nairobi nilimwendea Daktari na kumweleza. Alisikiliza, akavua miwani.

"Kijana wangu, wagonjwa wenyewe hawaulizi."

Ni kweli, hawaulizi. Mama alilelewa akiamini kwamba kumuuliza daktari maswali ni kumkosea adabu. Kwake yeye, mgonjwa mwema anaitikia "ndiyo daktari" na kushukuru. Sasa kama huyo ndiye mgonjwa wako, ukingoja akuulize utangoja hadi siku ya matanga yake. Nilimwambia hivyo, kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Hakubishana. Alichukua kadi ya manila, akaandika kwa herufi kubwa: amlodipini, haidroklorothiazaidi, kipimo cha kila moja, saa ya kumeza, na namba ya simu inayopokewa usiku. Nikamuuliza kama wagonjwa wengine watapata kadi kama hiyo. Akasema atajaribu. Nitapita tena mwisho wa mwezi nione.

Mama hukaa na yake kwenye mkoba, ndani ya kitambulisho. Lile jina la pili hawezi kulitamka, na hana haja. Atalionyesha.