Gigahezi za Ziada na Tokeni za Stima

Leo nataka tuzungumzie kuovakloki, yaani kuilazimisha prosesa ipige mapigo mengi kwa sekunde kuliko yale aliyoidhinisha mtengenezaji. Vijana huniuliza sana kwa nini mashine yangu ya kazi haijaovaklokiwa. Kwao, mtu aliyesomea kompyuta na kuiacha prosesa kwenye kasi ya kiwandani ni kama dereva wa matatu asiyetoka gia ya pili.

Zamani wangekuwa na haki. Celeron 300A ya Intel, iliyotoka mwaka 1998, iliuzwa kwa kasi ya megahezi 300. Ukibadilisha mapigo ya ubao mama kutoka megahezi 66 hadi 100, ilifika 450, na nyingi zilifanya kazi hivyo bila kulalamika. Nusu ya kasi juu ya ile uliyolipia, bila senti ya ziada! Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu Intel walete Turbo Boost mwaka 2008, prosesa hujipandisha zenyewe pale joto na umeme vinaporuhusu. Ile akiba iliyokuwa imefichwa ndani yake inatumika kabla wewe hujagusa chochote.

Na hicho kidogo kilichobaki kina bei. Umeme unaoliwa na transista zinapofanya kazi hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukitaka kasi zaidi, mara nyingi lazima uongeze volti pia, la sivyo transista hazibadiliki upesi vya kutosha. Sasa piga hesabu: ongeza kasi asilimia 10 na volti asilimia 10, umeme unapanda kwa asilimia 33. Punguza vyote kwa asilimia 10, unashuka kwa asilimia 27. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuvutiwa, upande wa kushuka, ambao vijana hawautaji kabisa.

Nina Ryzen 5 3600, prosesa ya mwaka 2019 yenye viini sita. Nilichomeka kipima-wati ukutani nikaipa kazi yangu ya kila siku, kukompaili mradi mmoja mkubwa kuanzia mwanzo. Kwa mipangilio ya kiwandani ilichukua dakika 12 na kula wati 132. Nilipoipandisha hadi gigahezi 4.3, ikamaliza kwa dakika 11 na sekunde 20 ikila wati 178 (na feni zikilia kama posho mill). Kisha nikashusha volti na kasi hadi gigahezi 3.8: dakika 12 na nusu, wati 105. Kwa kazi ileile moja, basi, ni wati-saa 26 kiwandani, 34 ukipandisha, 22 ukishusha. Sekunde 40 nilizookoa hazinitoshi hata kumimina chai.

Mbona faida ni ndogo hivyo? Kwa sababu prosesa hukaa ikingoja. Data isipokuwepo kwenye kache, kuifuata kwenye kumbukumbu huchukua kama nanosekunde 80. Kwa gigahezi 4, hiyo ni mizunguko 320 ya kukaa bure. Ukipandisha hadi 4.3, inakaa bure mizunguko 344. Umelipia kungoja kwa haraka zaidi.

Lakini kinachoniogopesha hasa si stima. Mwaka 2005 Raymond Chen wa Microsoft alieleza jinsi ripoti za Windows kuanguka zilivyokuwa zikichunguzwa, na nyingine hazikuingia akilini. Amri ya kuweka sifuri ndani ya rejista, isiyogusa kumbukumbu hata kidogo, ndiyo iliyoonekana kuangusha programu! Wenye mashine walipoulizwa, ikajulikana kwamba kadhaa zilikuwa zimeovaklokiwa, na baadhi yao hawakujua, maana waliuziwa hivyo dukani. Kwa anayecheza gemu, mashine ikizima anaiwasha tena. Kwangu mimi, prosesa ikikosea biti moja bila kuzima, faili mbovu inaweza kuingia kwenye programu ya mteja, nami nikakesha nikitafuta kosa ndani ya msimbo usio na kosa. Ndiyo maana hata nikishusha volti, naipima mashine usiku kucha kabla ya kuiamini, kwani volti ikipungua mno huleta makosa yaleyale.

Kisha kuna suala la kukatika kwa stima. Mnaikumbuka Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani. Mimi hufanyia kazi nyumbani, na mteja aliye ng'ambo hajui habari za giza letu, anajua tarehe tuliyokubaliana. Inveta yangu ina betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100. Naruhusu nusu tu itumike ili isife mapema, yaani wati-saa 600. Skrini na ruta vinakula wati 35. Tukiacha hasara ya inveta yenyewe, mashine iliyopandishwa ikikompaili mfululizo inanipa chini ya saa 3. Iliyoshushwa inanipa saa 4 na robo.