Mtihani wa Mwalimu wa Chuo



Katika Shaaban ya mwaka 1444, yaani mwanzoni mwa 2023, mwalimu mmoja wa chuo chetu alihama, na wazee wa kamati wakanitaka niwatahini waliotaka kushika nafasi yake. Walikuja watatu. Mmoja alikuwa mwana wa dada yangu, kijana mwenye sauti nzuri mno. Wa pili alitoka bara, viatu vyake vimekwisha soli, na Kiswahili chake si cha pwani. Wa tatu, alipoarifiwa mshahara, alituaga kwa adabu akaenda zake, wala simlaumu.

Basi sikilizeni nililolitenda. Mwana wa dada yangu nilimwambia asome Suratu Yasin tangu mwanzo. Nani katika sisi asiyeijua Yasin, kwa wingi wa kuisoma katika hitima? Akaisoma bila ya kusita. Yule mgeni nilimfungulia katikati ya Suratul Maida, na kila aya mbili nikamsimamisha kumwuliza hukumu ya nun sakina: hapa ni idghamu au ikhfai, na kwa nini? Jasho likamtoka, akababaika mara mbili. Nikaandika kuwa wa kwanza amefaulu na wa pili hakufaulu. Wallahi wakati ule sikujiona kuwa ninadhulumu.

Usiku usingizi haukunijia. Nilikumbuka khabari ninayowafundisha watoto kila mwaka, ya ufunguo wa Al-Kaaba. Ilipofunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, baadhi ya jamaa wa Mtume wetu (S.A.W.) walitaka utunzaji wa Nyumba ile uwe wao, naye aliurudisha ufunguo kwa Uthman bin Talha, ambaye jamaa zake ndio waliokuwa wakiushika tangu zamani. Na Abu Dharr, ambaye ucha Mungu wake hauna shaka, alipoomba kazi ya utawala hakupewa, kwa kuwa kazi ile ilitaka nguvu asizokuwa nazo. Ikiwa mapenzi ya Mtume kwa sahaba wake hayakumpatia kazi, udugu wangu na dada yangu ulikuwa na uzito gani?

Asubuhi nilikwenda kwa wazee nikawaeleza. Mmoja alicheka, akasema ni jambo dogo. Nilimjibu kuwa watoto arubaini si jambo dogo. Nikajitoa katika kutia alama, akaletwa mwalimu wa mtaa wa pili awe mahali pangu. Vijana wote wawili walisomeshwa ukurasa mmoja wa Suratun Nahl, kila mmoja peke yake, wakaulizwa maswali yale yale. Kila mzee akaandika alama zake kabla hawajasemezana, kwa maana mzee wa kwanza akishasema, waliobaki aghalabu humwitikia.

Katika kusoma, mwana wa dada yangu alimshinda mgeni. Haki yake nimpe. Kisha kila mmoja akapewa watoto wanane kwa muda wa robo saa. Mwana wa dada yangu aliwasomea vizuri, nao wakamtazama kama watazamao harusi ikipita. Alipowataka wasome wao, hakujua pa kuanzia, akaishika bakora. Mgeni alimkuta mtoto asiyeweza kutenga kati ya ha ya "Rahman" na ha ya "huwa". Akamwonyesha kwa kidole, juu ya koo lake mwenyewe, kwamba ile ya kwanza hutoka katikati ya koo na hii ya pili hutoka chini yake. Mtoto alijaribu mara sita akakosa. Mara ya saba alipata, na wenziwe wote wakacheka kwa furaha. Bakora ilikuwa ingali ukutani.

Kazi akapewa mgeni, akaanza Mfungo Mosi. Dada yangu hakutia mguu nyumbani kwangu Ramadhani nzima. Nililitazamia hilo. Nisilolitazamia ni neno la mwanawe, alipokuja siku ya Idi kunipa mkono.

"Mjomba," alisema kwa sauti ya chini, "ulijua kuwa Yasin si mtihani. Mbona hukunitahini kweli siku ya kwanza, nikajua upungufu wangu mbele yako peke yako?"

Sikuwa na jibu. Nilimsogezea sahani ya halua, naye akaniambia ameshiba.