Marafiki Popote Walipo

Tangazo la kifo lilipita redioni usiku, nikiwa naosha miguu. Jina la kwanza halikunishtua, maana lilikuwa lile la kwenye kitambulisho. Mtangazaji aliposema "maarufu kwa jina la", akalitaja jina la hewani, ndipo nikaacha sabuni. Akamalizia kama ilivyo desturi: habari ziwafikie watoto wake wa Arusha, shemeji zake wa Same, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Kwenye "popote walipo" ndipo nilipokuwa mimi, Morogoro, mguu mmoja ndani ya beseni.

Sisi tulikuwa watuma salamu. Vijana wa leo huenda hawajawahi kuishika kadi ya salamu: unainunua, unaandika jina lako na pale ulipo, unapanga majina ya unaowasalimu, unachagua wimbo, unaipeleka posta, kisha unasubiri wiki mbili, tatu, jina lako lisomwe nchi nzima. Nilianza enzi za Redio Tanzania, kabla haijawa TBC, na kipindi cha Ugua Pole nikiwasalimia wagonjwa nisiowajua hospitalini. Na marehemu huyu, wa Usangi, tulianza kutajana mwaka 1998. Hatukuwahi kuonana. Sauti yake niliisikia kwenye simu labda mara tano, na kila mara alikuwa na haraka, kipindi kinaanza.

Nikapanda basi la alfajiri kwenda msibani Usangi. Sikuwa nimewahi kuvuka Korogwe. Pale Korogwe basi lilisimama watu wale. Dada yangu anaishi mwendo wa bodaboda tu kutoka stendi, lakini dereva alitoa dakika ishirini, nami nikanunua machungwa nikarudi kwenye kiti. Mbele yake ni mkonge, kisha miiba na vumbi, milima ikitufuata mkono wa kulia kama ukuta usio na mlango. Hedaru, Makanya, Same. Abiria wa pembeni yangu, Mpare wa Same, aliniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa rafiki. Anaitwa nani? Nikataja jina la hewani. Akacheka mpaka akakohoa.

Nikashuka Mwanga mjini, kwenye joto na upepo wa tambarare. Usangi niliijua kwa watu wawili tu: mwenzangu, na Mzee Cleopa Msuya, aliyekuwa waziri mkuu mara mbili, akazikwa huko Mei 2025. Gari la kupanda lilijaa mpaka mlango ukafungwa kwa kamba. Kona ya kwanza masikio yakaziba. Kona ya tano au ya sita nikageuka, nikaliona Bwawa la Nyumba ya Mungu chini kabisa, jeupe kama sahani. Dakika chache baadaye jua halipo, kuna ukungu, migomba na kahawa, na mimi nina shati la mikono mifupi.

Nilichelewa mazishi. Turubai lilikuwa bado limesimama, na chini yake wazee wenye kofia za kufuma wamekaa na wazee wa usharika wa Kilutheri kwenye mabenchi yaleyale. Huko ukoo mmoja una dini zote mbili na hakuna anayeona ajabu. Watani huwasema Wapare kwa ubahili. Mimi nilipewa makande bakuli limefurika, na kabla sijalimaliza nikaongezwa.

Mjane akaja kunitazama. Hakulia.

"Kumbe upo, shemeji. Mimi nilijua mmetungana."

Akaniingiza ndani, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Kadi kumi na moja, zote zimejazwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa, mistari imenyooshwa kwa rula. Jina langu ni la tatu katika kila kadi. Mahali pa wimbo palikuwa wazi. Alikuwa akichagua mwisho, siku ya kuposti. Nilizipitia zote nikitafuta jina la mama huyu aliyesimama mbele yangu. Nililikuta kwenye moja, namba kumi na mbili.

Alinisimulia bila hasira, na hilo ndilo lililonikaa. Juu ya nyumba yao kuna ndiva, bwawa la udongo la kukusanyia maji usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. "Zamu ikigongana na salamu, nilikwenda mimi na jembe. Na hapa sebuleni hakuna aliyekohoa mpaka kipindi kiishe. Mtoto akitoka shule na neno lake, anangoja." Nilitazama chini. Kwangu Morogoro utaratibu ni huohuo, tofauti ni kwamba hatuna ndiva.

Kijana wake mkubwa akaleta daftari. "Baba mdogo, hawa wa redioni tungependa kuwapigia. Utusaidie namba." Majina 143. Nilikuwa nayajua yote, pamoja na vijiji na nyimbo wanazopenda. Namba za simu nilikuwa nazo sita. Majina yao ya kweli, manne. Kijana alinishukuru kwa adabu, akafunga daftari.

Nilipoaga nikamwambia shemeji kwamba nitatuma kadi ya pole, isomwe. Akatikisa kichwa. "Ameshatangazwa. Inatosha."

Kadi zangu ziko juu ya kabati tangu niliporudi. Mwezi uliopita nilituma moja, kwa mazoea, huu sijatuma. Redio naifungua wakati wa taarifa ya habari tu.

Lakini siku ile ya kurudi, basi lilipoingia Korogwe, nilichukua begi langu nikamwambia kondakta naishia hapa. Akasema nauli hairudi. Nikachukua bodaboda. Dada yangu nimemtaja hewani miaka yote hiyo, karibu kila kadi, mara nyingine namba moja. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Redio ilikuwa dirishani, haina mgongo, kuku ameatamia ndani.

Aliponiona, ungo ukamtoka mkononi.

"Nani kafa?"