Siku Niliyogeuka Mwalimu wa Chekechea Hapa Saza

Wadau, mnaikumbuka ile Machi 17, 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona? Mimi nilibaki na mwanangu wa miaka mitano na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Mwalimu wake akawa anatuma masomo WhatsApp.

Siku hiyo nikajiunga bando la buku. Video ikazunguka weee, huku makarasha ya mawe ya dhahabu yanaunguruma, hatusikii kitu. Ikaja kufunguka, mwalimu anasema: "Nionyeshe vitu vitatu vyekundu."

Dogo akaniangalia. "Mama, ananiona?"

Nikamwambia ndiyo. Nilidanganya, jamani. Akakimbia ndani, akaleta ndoo, kandambili na kanga yangu, akavinyanyua mbele ya simu, akasubiri kusifiwa. Video ikaendelea zake na rangi ya bluu.

Aisee, alilia! "Mwalimu hanipendi." Na bando nalo likakata hapo hapo.

Nikaweka simu pembeni. Tukaokota vijiwe uani, vile vile ambavyo wakubwa wa hapa huvigeuza wakitafuta mng'ao, tukahesabu mpaka ishirini. Kumi na nne anairuka kila mara. Jioni nikaomba hotspoti kwa jirani, nikamrekodi, nikamtumia mwalimu.

Saa nne usiku ikarudi sauti ya mwalimu, anamtaja dogo kwa jina, anamsifia. Asubuhi aliirudia mpaka chaji ikaisha.

Kumi na nne aliendelea kuiruka hadi shule zilipofunguliwa Juni 29.