Samaki Asiyetakiwa

Kuna samaki Tanga ambaye hakuna anayemtaka, na bado anakufa. Anaitwa silikanti. Wavuvi wanategea papa kwa jarife lililoshushwa chini sana, yeye ananasa humo. Haliki vizuri, mafuta matupu. Na akitolewa kwenye baridi ya kilindi kuletwa maji ya moto huku juu, hachukui muda, kwisha.

Jamani, huyu si wa kubeza. Wataalamu waliamini alitoweka kama miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipoibuka kwenye wavu Afrika Kusini. Mwaka 1952 akapatikana Komoro. Lakini kupigwa picha akiwa hai kwake kilindini, ilibidi kungoja 1987, Mjerumani Hans Fricke alipoteremka na chombo cha kuzamia. Yaani karibu miaka 50 tulimjua zaidi kwa maiti zake!

Tanga walianza kumnasa miaka ya 2000, wakafika makumi. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Nikamsifia mjomba wangu, mvuvi wa huko, habari hiyo.

"Sikiliza, mjomba," akaniambia, maana kwetu tunaitana hivyo wote wawili. "Mimi sina ugomvi na dude lenu. Ila miambani hakuna kitu, baruti imemaliza. Nisiposhusha jarife, watoto wale nini?"

Tangu siku ile swali hilo halinitoki. Sisi tunaoandika twapenda kuisifu bahari kwa siri zake, kana kwamba kilindi ni dunia nyingine. Kumbe kimefungwa kamba moja na sufuria ya mjomba. Matumbawe ya juu yakivunjwa, nyavu zinafuata samaki chini. Yakipona, wengi hawatakuwa na haja ya kwenda huko. Basi anayemzuia mpiga baruti leo anamlinda silikanti bila hata kumwona.

Na haraka ipo. Watafiti waliosoma magamba yake walieleza mwaka 2021 kwamba aweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake yachukua kama miaka 5. Sasa piga hesabu mwenyewe, msomaji: jike mmoja akinasa usiku wa leo, pengo lake litazibwa lini?